Nani Kasema Hatuna Bustani?

Juzi nilialikwa kwenye maonyesho ya sanaa hapa Moshi, katika ukumbi ambao sitautaja kwa sababu soda ilikuwa ya bure. Mada: bustani na sanaa. Nikaenda na hamu zangu zote. Mlangoni nikapokewa na ukuta wa mawaridi ya plastiki wa kupigia picha, kistika cha bei bado kimeng'ang'ania nyuma ya jani moja. Ndani, mawaridi ya rangi ya mafuta. Alizeti ndani ya chungu. Bwawa lenye mayungiyungi na daraja la kijani, mara tatu, wachoraji watatu tofauti. Halafu akasimama mgeni rasmi, suti imenyooka, akatueleza kwamba wenzetu Wazungu wana utamaduni wa bustani, ndiyo maana wakapata wachoraji na washairi wakubwa. Sisi tulilima ili tule, basi. Watu wakapiga makofi. Dirishani, nyuma ya kichwa chake, migomba ya jirani ilikuwa inampungia mkono.

Mzee wangu, shikamoo. Sasa naomba nibishe.

Lile daraja la kijani ni la Claude Monet, mchoraji Mfaransa. Alihamia Giverny, kijiji cha Ufaransa, mwaka 1883, akakaa huko mpaka alipofariki mwaka 1926. Bwawa hakulikuta pale. Alinunua kipande cha ardhi mwaka 1893, akataka kuchepusha maji ya kijito, na wanakijiji wakaja juu kwamba mimea yake ya kigeni itawatilia sumu maji. (Kesi ya mfongo hiyo, mfereji wetu wa maji wa Uchagani. Mzee yeyote wa Kibosho au Machame angeimaliza kabla kata ya mbege, pombe yetu ya ndizi, haijazunguka mara mbili.) Kisha mtu huyo akachora uwanja wa nyumba yake hadi uzeeni, picha kama 250 za mayungiyungi, nyingine akiwa tayari na mtoto wa jicho. Kwa hiyo, vijana wangu, ukitaka kumuiga Monet, yungiyungi liache. Toka nje ukitazame kilichopandwa kwenu, ukitazame mpaka majirani waulizane kama u mzima.

Na Van Gogh, yule mchoraji wa alizeti? Yale maua ya airisi ya mwaka 1889 aliyachora kwa sababu ndiyo yaliyokuwa kwenye bustani ya hospitali ya wagonjwa wa akili alikolazwa. Angelazwa huku kwetu angechora mwarobaini.

Haya, twende kihambani, kwenye shamba la Mchagga linalozunguka nyumba yake. Watafiti wa mimea waliovichunguza vihamba vya Mlima Kilimanjaro waliorodhesha zaidi ya aina 500 za mimea, na nyingi kati ya hizo hakuna mtu aliyezipanda. Mringaringa na mfuruanje vinashika kivuli juu, chini yake migomba, chini ya migomba kahawa, chini kabisa maharage na magimbi, na kiazi kikuu kinapanda popote kinapopata pa kushika. Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, lenye makao yake Roma, likauingiza mfumo huo, kupitia kijiji cha Shimbwe Juu, kwenye orodha yake ya urithi wa kilimo duniani. Watu wa Roma wameiona. Mgeni rasmi wa Moshi hajaiona.

Simama asubuhi mapema chini ya mgomba uliotoa ua. Ganda la juu, lile la zambarau, usiku huo limejikunja kurudi nyuma, na upande wake wa ndani ni damu ya mzee, rangi ambayo mafundi nguo wanatuuzia kwa bei ya harusi. Chini ya ganda kuna safu ya vindizi vimebanana, kila kimoja kina kiua cha manjano iliyofifia nchani, kinatoa maji mazito, matamu. Ndege aitwaye chozi anakuja, anajining'iniza kichwa chini, ananyonya, anaondoka bila kuaga. Baada ya muda ganda linadondoka juu ya mkahawa na sisimizi wanaitisha mkutano. Kila mchoraji aliyekuwa ukumbini siku ile amepita chini ya ua hilo maisha yake yote, na hakuna hata mmoja aliyelichora.

Mkisema mmea hautoshi, mnataka na kisa, basi chukueni isale, ule mmea wetu wa majani marefu. Linasimama mpakani kati ya kihamba na kihamba, hiyo kila mtu anaijua. Lakini ukimkosea mtu, unachuma jani lake, unalifunga fundo, unampelekea. Akilipokea yamekwisha. Akilikataa, kosa linahamia kwake. Hebu fikirieni tamthilia: ndugu wawili, jani moja, na mlango ambao haufunguliwi. Mnahitaji nini tena, bajeti? Na Old Moshi upo mti ambao wenyeji wanauonyesha kuwa ndipo Wajerumani walipomnyongea Mangi Meli, mtawala wa Moshi, mwaka 1900. Ule hauhitaji hata kupambwa.

Hili la kwamba hatuna maandishi yaliyoota kwenye mimea ndilo lililonifanya nisimalize soda. Mshairi Abdilatif Abdalla alifungwa Kenya kuanzia 1969 hadi 1972 kwa ajili ya siasa, na mle gerezani akatunga shairi refu la ndugu wawili wanaogombea mnazi. Limo ndani ya diwani yake, Sauti ya Dhiki. Lisome huku una kesi ya shamba la marehemu baba, utaapa kwamba anausema ukoo wenu. Ebrahim Hussein, mwandishi wa tamthilia, alipotaka kutuonyesha binadamu na shetani wakikabiliana, aliwapeleka chini ya mbuyu. Shaaban Robert aliita kitabu chake Koja la Lugha, na mwanamke yeyote wa Tanga aliyewahi kutunga asumini anajua kazi iliyomo humo.

Mtanijibu kwamba hao ni watu wa pwani. Sawa, ni wa pwani. Sisi wa mlimani tumemezwa na nini?

Jibu ninalo, ingawa silipendi. Mtu aliyebebeshwa majani ya ng'ombe kila jioni tangu darasa la pili haoni shairi kihambani, anaona mgongo unauma. Mama zetu ndio wamebeba mikungu na samadi, na wengi wao kihamba hakijawahi kuwa na majina yao. Nilipomweleza shangazi yangu kwamba kihamba chake kinastahili kuchorwa, alinitazama kwa huruma. "Mwanangu, picha ya nini? Si hiki hapa, kitazame. Ukimaliza, nisaidie kupunguza machipukizi." Sikuwa na la kumjibu. Lakini kihamba cha jirani yake kimeshakatwa viwanja. Kahawa imeng'olewa, mringaringa umekuwa mbao, na mpakani, palipokuwa na masale, sasa pana ukuta wa tofali wenye chupa zilizovunjwa juu. Mjukuu wa pale akiambiwa achore bustani atachora nini? Atachora waridi la plastiki, na hatutakuwa na haki ya kumcheka.

Waridi lenyewe sina ugomvi nalo. Arusha linalimwa kwa ekari na linapanda ndege kwenda Ulaya kabla mimi sijapanda. Siku litakapoandikiwa shairi na dada anayelikata alfajiri, vidole vimejaa miiba, nitakaa mstari wa mbele. Jakaranda nayo ni mgeni kutoka Amerika ya Kusini, ila ukinikuta Oktoba nimesimama chini yake pale Arusha, mdomo wazi, nipite tu kimya kimya.

Na mpingo tusiusahau. Klarineti nyingi zinazopulizwa kwenye kumbi kubwa za Ulaya zimetokana na mti huo, na mtu aliyejitoa kuupanda upya alikuwa wa hapa hapa Moshi, marehemu Sebastian Chuwa. Ukumbini jina lake halikutajwa. Beethoven alitajwa.

Baada ya hotuba nilimfuata kijana mmoja mwenye picha za alizeti. Mkono mzuri sana, rangi anazijua. Nikamwuliza kwao wapi. Kibosho. Mbona hachori migomba?

"Dada, migomba haiuziki. Mtalii anataka mgunga, jua linazama, Mmasai kasimama mguu mmoja."

Huyo mtalii amelala Marangu, amepita katikati ya migomba kwenda kwenye geti la kupandia mlima na amepita tena akirudi, halafu anauziwa jua la Serengeti. Nikamwuliza kijana amewahi kujaribu kuuza mgomba mara ngapi. Akacheka.

Basi tumepatana bei. Ua la mgomba, ganda limefunguka, turubai kubwa, na nusu nimeshamtumia kwa simu. Sharti nimempa moja tu, Kilimanjaro isionekane hata ncha. Akaniuliza kwa nini. Nikamwambia mlima una wachoraji wa kutosha.