Mwanafunzi Akishuka Kiwango, Apunguze Mechi za Sataranji

Mchezaji wa sataranji aliye shule ya sekondari anapoanza kupoteza mfululizo, hupewa ushauri wa aina mbili, na kwa maoni yangu wote wawili ni mbaya. Wa kwanza hutoka klabuni: acheze zaidi, asikose mashindano hata moja, na usiku afungue simu acheze mechi za haraka mpaka mkono uzoee tena ushindi. Wa pili hutoka nyumbani na kwa mwalimu wa darasa: ubao ufungiwe kabatini mpaka mtihani upite, kwa sababu mshika mawili moja humponyoka. Mimi huwafundisha vijana mchezo huu mwishoni mwa juma hapa Nairobi, na nimewaona wakijaribu ushauri wa kwanza, kisha wa pili, kisha wakapoteza hamu ya ubao na ya vitabu kwa pamoja. Ninachotetea ni kitu kingine: apunguze sana idadi ya mechi, zile chache anazobaki nazo azicheze kwa uzito wote, na kalenda ya shule iachwe iamue ni wakati gani.

Kabla ya kufika huko ni lazima tuitazame ile namba inayowanyima vijana usingizi. Mfumo wa viwango tunaoutumia ulibuniwa na Arpad Elo, profesa wa fizikia aliyezaliwa Hungaria na kuhamia Marekani akiwa mtoto, na Shirikisho la Sataranji la Dunia, FIDE, liliukubali mwaka 1970. Mfumo huo hautoi zawadi kwa kucheza vizuri wala adhabu kwa kucheza vibaya. Unalinganisha tu matokeo yaliyotarajiwa na yaliyopatikana, kisha tofauti inazidishwa kwa kizidisho kinachoitwa K. Kwa mchezaji aliyekomaa ambaye hajawahi kufikia 2400, kizidisho hicho ni 20. Kwa kijana aliye chini ya 2300 ni 40, na hubaki hivyo hadi mwisho wa mwaka anaotimiza miaka 18. Maana yake ni kwamba mwanafunzi mwenye 1650 akifungwa na mwenye 1450, ambaye kihesabu alitarajiwa kumtoa 0.76 ya pointi, hupoteza zaidi ya alama 30 kwa mechi moja, ilhali baba yake akifungwa vilevile na mpinzani wa aina hiyo hupoteza 15. Mechi mbili mbaya Jumamosi moja, na kijana anarudi nyumbani akiwa pungufu ya alama 60, akiamini kwamba akili yake imepungua kwa kiasi hichohicho.

Tena, sehemu ya balaa hilo ni bahati tupu. Chukua mashindano ya raundi sita dhidi ya wapinzani wa kiwango sawa kabisa na chake, na tuache sare pembeni ili hesabu iwe nyepesi. Uwezekano wa kupoteza mechi tano au zote sita ni 7 kwa 64, yaani takriban mara moja katika kila mashindano tisa, bila mchezaji kuwa amesahau chochote wala kuchoka. Kijana anayecheza kila mwezi atakutana na wikendi ya namna hiyo ndani ya mwaka, na mara nyingi itaangukia wiki ambayo karatasi ya hisabati nayo imerudi na wino mwekundu. Hapo ndipo hadithi ya kushuka kiwango inapozaliwa, kwa sababu mambo mawili yasiyohusiana yamefika kwa pamoja.

Na namba yenyewe si maandiko matakatifu. Machi 2024 FIDE ilipandisha viwango vya wachezaji wote waliokuwa chini ya 2000 kwa mkupuo mmoja, kila mmoja akiongezewa asilimia 40 ya pengo lililokuwa kati yake na 2000, kwa sababu viwango vya chini vilikuwa vimezama kupita ilivyostahili. Mwenye 1650 aliamka akiwa na 1790 bila kusogeza hata kete moja. Sijasikia aliyedai kwamba siku hiyo alianza kuona ubao vizuri zaidi.

Hayo yote hayamaanishi kwamba kushuka kiwango ni ndoto. Kuna kushuka kwa kweli, ambako mtu anaacha farasi aliwe bure katika nafasi ambayo mwaka uliopita angeiona kwa jicho moja. Ila chanzo chake, kwa mwanafunzi, mara chache sana huwa ni sataranji. Mwanafunzi wa kutwa jijini huamka alfajiri kungali giza ili awahi gari, hurudi jioni na kazi za ziada, Ijumaa hufanya mtihani wa wiki, na Jumamosi asubuhi huketi mbele ya saa ya sataranji kwa mechi inayoweza kumla saa tatu, kisha nyingine, kisha nyingine. Wa bweni ana usingizi mfupi zaidi. Huyu hajasahau mchezo. Amechoka, na uchovu hauonekani kwenye ufunguzi anaoujua kwa kichwa bali kwenye hatua ya thelathini, pale inapobidi ahesabu mwenyewe.

Ndiyo maana huwaomba wanafunzi waandike dakika zilizobaki pembeni ya kila hatua katika karatasi ya kunakili mchezo. Zikiwekwa karatasi za mashindano kadhaa pamoja, mara nyingi hudhihirika jambo ambalo hakuna aliyelikisia: makosa makubwa yako katika raundi ya mwisho ya kila siku, au yanatokea mchezaji akiwa na muda tele aliokataa kuutumia kwa sababu alitaka mechi iishe akapumzike. Mwanafunzi mwenyewe huwa ameshajitibu ugonjwa mwingine kabisa. Ameutupa ulinzi wa Kisisilia alioucheza miaka yote, ameanza ulinzi wa Kifaransa aliouona kwenye video, na sasa ana matatizo mawili badala ya moja. Kubadilisha ufunguzi katikati ya muhula ni anasa ambayo hata mabingwa huifikiria mara mbili.

Uzembe wa aina hii haumheshimu mtu. Juni 2015 Magnus Carlsen, akiwa bingwa wa dunia na namba moja kwa mbali, alicheza nyumbani kwao Norwe na katika raundi ya kwanza akapoteza dhidi ya Veselin Topalov akiwa na nafasi ya ushindi, kwa sababu alidhani angeongezewa muda baada ya hatua ya 60 na saa yake ikaisha. Mashindano yaliyobaki yalimwendea mrama, akamaliza wa saba kati ya kumi. Hakuna aliyesema kwamba Carlsen hajui kumalizia mchezo. Kosa lilikuwa nje ya ubao, likaingia ndani yake, kama linavyoingia kwa kijana wa kidato cha tatu aliyekesha na insha.

Kuhusu mechi za haraka za simuni nina msimamo mkali kuliko wenzangu wengi. Lichess, tovuti ya kuchezea sataranji mtandaoni, ni bure, haina matangazo, na imewapa watoto wa Afrika Mashariki wapinzani ambao kizazi changu kilisoma habari zao tu, siitukani. Lakini mechi ya dakika moja baada ya kushindwa klabuni ni namna ya kulipiza kisasi kwa mtu asiyehusika. Kijana anacheza ishirini mfululizo, anashinda kumi na moja, analala saa saba usiku akidhani amefanya mazoezi, wakati kilichofanya mazoezi ni kidole chake. Hata injini, yaani programu ya kompyuta ya kuchambua sataranji, ambayo kwa sekunde moja humwonyesha hatua iliyokuwa bora, haimwambii kwa nini yeye aliona hatua nyingine ni nzuri, na hilo ndilo swali pekee lenye manufaa kwake. Mechi moja ndefu iliyopotezwa, ikipitiwa kwa kalamu bila injini kwa dakika 40 za Jumapili jioni, ina chakula cha wiki nzima.

Mtu aliyeifanya kazi hiyo ya kalamu kuwa nidhamu ya maisha ni Mikhail Botvinnik, na ninampenda kwa mjadala huu kwa sababu sataranji haikuwa kazi yake pekee: alikuwa mhandisi wa umeme mwenye shahada ya udaktari. Alinyang'anywa ubingwa wa dunia na Vasily Smyslov mwaka 1957 akaurudisha 1958, akanyang'anywa na Mikhail Tal 1960 akaurudisha 1961, alipokuwa karibu kutimiza miaka 50. Ni kweli kwamba kanuni ya marudiano ilimpendelea, na FIDE iliifuta baadaye; lakini kanuni humpa mtu kiti tu, haimchezei. Botvinnik alizichambua mechi zake bila huruma na akahimiza uchambuzi uchapishwe ili wengine waukosoe. Mwanafunzi hahitaji kuchapisha chochote. Amwonyeshe tu mwenzake wa klabu mechi aliyoionea aibu zaidi.

Sasa nije kwa wazazi, kwani siku hizi wamegawanyika. Wachache wenye mtoto anayeng'aa hunitajia Gukesh wa Chennai, aliyetwaa ubingwa wa dunia Desemba 2024 akiwa na miaka 18, na ambaye wazazi wake walimtoa katika masomo ya kawaida baada ya darasa la nne. Je, si afadhali kijana wetu naye apumzishwe shule? Jibu langu ni hapana, tena bila kusita. Gukesh alikulia katika jiji lililojaa magrandmasta, wachezaji wenye cheo cha juu kabisa cha sataranji, na alikuwa mmoja wao akiwa na miaka 12. Kenya, Uganda na Tanzania hazijatoa hata mmoja. Anayeacha shule hapa hafuati njia ya Gukesh. Anaacha barabara na kuingia porini. Tena katika jiji hilohilo Viswanathan Anand, grandmasta wa kwanza wa India, alisoma Chuo cha Loyola na kupata shahada ya biashara.

Mfano ulio karibu nasi zaidi ni Amon Simutowe wa Zambia, aliyekamilisha masharti ya ugrandmasta mwaka 2007 na ambaye alisomea Chuo Kikuu cha Texas kilichoko Dallas, kisha Oxford. Na hapo Kampala kuna Phiona Mutesi wa Katwe, ambaye masomo yake yalikuwa yamekatika kwa umaskini. Kwake ubao ndio uliomrudisha darasani na hatimaye ukamfikisha chuo kikuu Marekani. Hao wawili walishika mawili, na hakuna lililowaponyoka.

Wazazi walio wengi, hata hivyo, wako upande wa kabati, na hapo lawama ni yetu sisi walimu wa sataranji. Tumewauzia mchezo huu kama dawa ya hisabati. Mwaka 2016 taasisi ya Education Endowment Foundation ilitoa matokeo ya jaribio lililofanywa katika shule 100 za msingi Uingereza, ambako watoto walifundishwa sataranji kwa takriban saa 30, na walipopimwa mwaka mmoja baadaye hakukuonekana dalili kwamba walikuwa wamewazidi wenzao katika hisabati. Mzazi aliyeambiwa kwamba ubao utaleta alama A ana kila haki ya kuufungia inapokuja alama D. Angeambiwa ukweli tangu mwanzo, kwamba mtoto anacheza kwa sababu anapenda na kwamba kupenda jambo gumu kuna thamani yake, mazungumzo ya ripoti ya muhula yangekuwa tofauti. Kuufungia ubao kabisa hakumrudishii mtoto usingizi. Mara nyingi huhamisha mchezo chini ya blanketi, kwenye simu, na huko ndiko tusikotaka uende.

Basi kalenda. Wakati wa muhula, mashindano moja kwa mwezi yanatosha, na yasiwe katika wiki ya mitihani wala ile inayoitangulia. Likizo za Aprili, Agosti na Desemba ndizo za kucheza mfululizo, mtu akiwa amelala vya kutosha. Wa kidato cha nne aage mashindano Agosti inapoisha, mapema kabla ya KCSE, na abaki na fumbo moja kwa siku, la kwenye karatasi, dakika kumi baada ya chakula, ili ubao usiwe mgeni kwake Desemba. Wanaoogopa kwamba kiwango kitaoza wakipumzika wafahamu kwamba kiwango cha FIDE hakishuki kwa kutocheza. Anayekaa mwaka mzima bila mechi huandikwa tu kuwa si mchezaji hai, na namba yake humngoja ilipo. Ile K ya 40 iliyomshusha haraka itamsaidia kupanda haraka vilevile, mradi arudi kabla mwaka wa kutimiza miaka 18 haujakwisha.

Ombi langu la mwisho ni kwa walimu wanaopanga timu za shule. Mchezaji wa ubao wa kwanza anaposhuka kiwango, desturi ni kumwacha palepale ili asivunjike moyo, akutane kila wiki na mchezaji bora wa kila shule na kufungwa mbele ya wenzake. Kanuni za mashindano zinaporuhusu, mwekeni ubao wa tatu kwa muhula mmoja na mwambieni waziwazi sababu yake na tarehe atakayorudi.