Sayansi ya ubongo na swali la Mungu

Mwanasayansi Michael Persinger wa Chuo Kikuu cha Laurentian, Kanada, alitumia kofia yenye sumaku hafifu zilizoelekezwa kwenye pande mbili za ubongo, karibu na masikio. Aliyeivaa aliketishwa kwenye chumba kimya, macho yamefunikwa. Persinger alidai kwamba watu wanane kati ya kumi walihisi kuna mwingine humo chumbani pamoja nao. Ikaitwa Kofia ya Mungu, na wapo waliotangaza kwamba fumbo la dini limeteguliwa.

Halikuteguliwa. Watafiti wa Sweden wakiongozwa na Pehr Granqvist walilirudia jaribio hilo kwa wanafunzi 89, wakachapisha matokeo mwaka 2005. Walihakikisha kwamba mvaaji na msimamizi wote hawajui kama sumaku imewashwa. Kuwashwa au kuzimwa hakukuleta tofauti yoyote. Waliohisi mambo makubwa walikuwa hasa wale wepesi wa kuathiriwa na wanachotarajia. Persinger alijibu kwamba mitambo haikutumika ipasavyo, lakini mimi naona jaribio la Sweden lilifanywa kwa umakini zaidi.

Hata hivyo, waumini tusishangilie mapema. Kushindwa kwa kofia moja hakufuti ushahidi mwingine. Madaktari wanawajua wagonjwa wachache wa kifafa ambao, degedege linapokaribia, hujawa na furaha kuu na uhakika kwamba wamefika mbele za Mungu. Na mwaka 2006 Andrew Newberg na wenzake nchini Marekani walipima ubongo wa wanawake 5 wanaonena kwa lugha. Walipokuwa wakinena, kazi ya sehemu ya mbele ya ubongo, ile inayohusika na kujitawala, ilipungua kuliko walipokuwa wakiimba tu nyimbo za injili. Aliyewahi kukesha na Wapentekoste amewasikia wakisema kwamba ulimi huo hawauongozi wao. Kipimo kimekubaliana nao, na kwangu hilo ni jambo zito, kwa sababu watu hawa wameitwa waigizaji kwa miaka mingi. Ila ni nani aliyeuongoza ulimi, Roho Mtakatifu au mazoea yaliyojengeka kanisani? Hapo picha ya ubongo haina jibu.

Mwaka huohuo, mjini Montreal, Mario Beauregard aliwapima masista Wakarmeli 15. Walimweleza wazi kwamba Mungu haitwi mtu anapotaka, basi akawaomba wakumbuke siku waliyojihisi karibu naye kuliko siku zote. Sehemu nyingi za ubongo zilifanya kazi kwa pamoja. Hakuna kona moja iliyotengwa kwa ajili ya Mungu. Tena kilichopimwa kilikuwa kumbukumbu ya tukio, wala si tukio lenyewe.

Waumini hupenda kusema kwamba hata ukitazama embe ubongo wako unafanya kazi, na embe halitoweki kwa sababu hiyo. Ni kweli, lakini embe naweza kumpa jirani naye alishike. Ya sista aliyezama katika sala hayagawiki hivyo. Kwa hiyo asiyeamini ana haki ya kuuliza: kama ubongo peke yake unatosha kuleta hisia hii, Mungu anaongezwa kwa sababu gani? Swali hilo linastahili heshima. Linaivunja hoja ya anayesema, "Nilimhisi, basi yupo." Ila halithibitishi kwamba hayupo, kwa kuwa kipimo kingeweza kutoka vilevile, anayeombwa awepo au asiwepo.

Kinachonisumbua zaidi ni kwamba pande zote mbili huchukulia imani kuwa ni hisia. Barua za Mama Teresa wa Calcutta zilipochapishwa mwaka 2007, ulimwengu ulisoma kwamba kwa miongo mingi hakuhisi uwepo wa Mungu, akaona giza na ukimya tu. Aliendelea kusali na kuwahudumia waliokuwa wakifa. Nadharia inayosema watu huamini kwa sababu ubongo huwapa ladha ya utukufu ingetabiri kwamba mama huyo angeacha. Imani yake ilisimama juu ya ahadi aliyoiweka, jumuiya aliyoishi nayo na mafundisho aliyoyaona kuwa kweli. Bila shaka hayo nayo hupita katika ubongo. Lakini kujua kama mafundisho hayo ni ya kweli kunahitaji kuyapima yenyewe, kwa historia, kwa falsafa na kwa maisha ya wanaoyafuata, na kazi hiyo haifanyiki kwa kuchunguza kichwa cha anayeyaamini.