Mpwa Wangu Anasoma Uchumi, Mfano Ndiye Mimi

Dada yangu kaniletea mwanawe likizo nzima. Kijana yuko kidato cha tano, mchepuo wa EGM: uchumi, jiografia na hesabu. Hesabu na jiografia kaziacha bwenini, uchumi kaja nao Tabata. Mimi jiji hili nimepigika miaka ishirini na mbili, fundi pasi na feni Kariakoo, sikujua kama kila pigo lina jina lake kitabuni.

Siku ya kwanza tu kanikuta natoka kwa jirani kuangalia mpira.

"Mjomba, mechi imekugharimu shilingi ngapi?"

"Bure. Luku ya jirani, kochi la jirani."

Akatabasamu kama daktari mwenye majibu mabaya. Eti gharama ya kitu ni kile ulichokiacha ili ukipate, wenyewe wanaita gharama ya fursa. Akaziangalia pasi mbili za wateja zilizolala mezani tangu Jumatatu, elfu tatu tatu, akajumlisha. Kwa hiyo nimelipa elfu sita kwenda kuangalia timu yangu ikifungwa. Usiku ule sikulala vizuri, na sijui usingizi nao nilipoteza shilingi ngapi.

Keshoye nikasema ngoja nimpeleke kazini aone uchumi unavyotoka jasho. Jioni Kariakoo konda anaita "Buguruni mwisho! Buguruni mwisho!" na gari ubavuni limeandikwa Tabata. Tunafika Buguruni, tunalipa, tunashuka. Konda huyohuyo, mlango huohuo: "Tabata, Tabata, siti zipo!" Tunapanda, tunalipa tena. Mimi natukana kimoyomoyo, mtoto kachangamka kama yuko harusini. Eti nauli imepangwa na serikali, haipandi hata abiria wajae barabarani, sasa bei ikizuiwa mlangoni inaingilia dirishani: hawezi kupandisha nauli, anaikata njia. Nikamwambia jina la kitu hicho mimi nalijua tangu zamani, ila siwezi kulitaja mbele ya mtoto.

Lakini haya yote cha mtoto. Kisa ni maji.

Bomba likakata Jumatatu. Vijana wa maguta wakaanza na mia tatu kwa dumu la lita ishirini. Jumatano mia saba. Alhamisi asubuhi elfu moja, tena anakwambia huku anaangalia pembeni. Nikabishana naye mpaka mate yakanikauka, na kiu ilivyozidi ndivyo nilivyoishiwa hoja. Mpwa wangu kasimama barazani na daftari. "Mjomba, mahitaji yako ya maji hayanyumbuki. Bei ipande, utakunywa tu." Kijana wa guta kamsikia. Mimi nilikuwa nakaribia kumshusha hadi mia nane!

Jioni akaniletea Adam Smith. Huyu ni Mskoti, mwaka 1776 katoa kitabu, na humo kaona ajabu: maji ndiyo uhai lakini hayanunui kitu, almasi haina kazi lakini bei yake usiulize. Nikasema huyo Smith hajawahi kukaa Tabata wiki ya ukame. Akacheka, akasema ndiyo hapohapo. Jibu lilikuja karibu miaka mia baadaye, kwenye 1870 na kitu, kwa wataalamu watatu, Jevons, Menger na Walras, kila mmoja na nchi yake. Akapanga madumu yangu sakafuni. La kwanza kunywa na kupika. La pili kuoga. La tatu vyombo. La nne chooni. La tano, akanitazama, lile unalomwagia vumbi mbele ya kibanda ili wateja wasikohoe. Bei haitazami maji yote ya dunia, inatazama dumu lako la mwisho. Ukiwa nayo matano, dumu ni bei ya vumbi. Likibaki moja, ni bei ya roho.

Hapo nasema kweli, liliniingia. Nikanyamaza. Kosa lake ni kwamba hakunyamaza na yeye.

Akaendelea na David Ricardo, mchumi Mwingereza, 1817. Eti hata Ureno ikiizidi Uingereza kwa mvinyo na kwa vitambaa vyote viwili, bado inafaa ishike kile inachozidi zaidi, kingine imwachie mwenzake. Mke wangu alikuwa jikoni, kimya.

"Yaani mimi nakuzidi kupika, na kuosha vyombo nakuzidi?"

"Ndiyo, anti."

"Ila kupika ndiyo nakuacha mbali kabisa?"

"Mbali sana, anti."

"Basi njoo uoshe."

Kaosha, kwa dumu la tatu. Mke wangu kaishia darasa la saba.

Sasa Alhamisi usiku mtaa mzima uvumi: kesho dumu elfu mbili. Kila mtu akatoka na mimi nikatoka, na kwa kuwa tulitoka wote, bei ikapanda tukiwa palepale kwenye foleni. Nikachukua kumi. Elfu mbili mbili, taslimu, hela ya pasi na ya feni.

Saa tisa usiku bomba likakohoa. Likapiga chafya, likatema kutu, likamwaga. Majirani wanakimbia na ndoo, vicheko uani. Mimi nimesimama na shuka kiunoni, ndoo zangu zote zimejaa, sina hata kikopo cha kukinga.

"Mjomba," kijana kasema mlangoni, "hizo elfu ishirini zimeshazama, hazirudi tena. Yamwage ukinge mapya, maji ni yaleyale."

Yaleyale vipi! Asubuhi nimeoga na yale ya elfu mbili, kopo moja moja, bomba likimwagika pembeni yangu, mtoto anaandika.