Somaliland, nyumba ndogo ya majirani

Kuna muuza vitambaa mmoja Kariakoo, Msomali mzaliwa wa Burao, ambaye droo ya kaunta yake ina pasipoti mbili. Moja ni ya Somaliland, eneo la kaskazini lililojitenga na Somalia. Akienda Addis Ababa hupigwa muhuri bila maneno mengi. Nyingine ni ya Somalia, kwa safari za kule ambako ile ya kwanza hugeuzwageuzwa kama kadi ya uanachama wa klabu ya mpira. "Hii ya nchi yangu, hii ya uwanja wa ndege," hupenda kunitania.

Israel ilipoitambua Somaliland kuwa nchi huru, 26 Desemba 2025, nilimpigia simu nikitegemea shangwe. Ilikuwepo, lakini ilipoa upesi. "Miaka thelathini na nne tunabisha hodi kwenu," akasema, "anayefungua ni yule?"

Naona lawama hiyo ni yetu.

Somaliland si mkoa ulioamka asubuhi moja ukajiita nchi. Ilipata uhuru wake kutoka kwa Mwingereza tarehe 26 Juni 1960, ikakaa nchi kamili siku tano, kisha Julai mosi ikaungana kwa hiari na Somalia iliyotawaliwa na Waitaliano. Hiari hiyo iligeuka mauti. Mwaka 1988 ndege za Siad Barre, mtawala wa Somalia, ziliruka kutoka uwanja wa Hargeisa kwenyewe, mji mkuu wa Somaliland, zikageuka na kuupiga mabomu mji uleule. Leo ndege moja ya kivita aina ya MiG imewekwa juu ya nguzo katikati ya mji, watu wanapita chini yake wakienda sokoni. Mei 1991, huko Burao, wakatangaza kwamba ndoa imevunjika.

Tangu hapo majirani wanaishi nao kwa mtindo ambao mtaani tunauita nyumba ndogo. Bwana anakuja usiku, anakula, analipia na pango, lakini ukoo ukikaa kikao hamjui mwanamke huyo. Ethiopia ina ofisi ya kibalozi Hargeisa. Tarehe 1 Januari 2024 Waziri Mkuu wake, Abiy Ahmed, alitia saini na Muse Bihi, rais wa Somaliland wakati huo, hati ya makubaliano ya kukodi kipande cha pwani cha kilomita 20 kwa miaka 50. Hargeisa ikasema mahari yake ni kutambuliwa; Addis Ababa ikasema italitafakari suala hilo. Mogadishu ikawaka, Misri ikasogea karibu na Mogadishu, na kabla mwaka haujaisha Abiy alikuwa Ankara, mbele ya Rais Erdogan wa Uturuki, akithibitisha pamoja na Rais Hassan Sheikh Mohamud wa Somalia kwamba anaheshimu mipaka ya Somalia. Posa ikafa kimyakimya.

Kenya nayo? Desemba 2020 Uhuru Kenyatta alimkaribisha Muse Bihi Nairobi, na Mogadishu ikavunja uhusiano papo hapo. Mei 2025 Somaliland ikafungua jengo jipya la uwakilishi Nairobi, na wizara ya mambo ya nje ikatoa taarifa kukumbusha kwamba serikali inayoitambua ni ya Mogadishu. Kampuni ya DP World ya Dubai iliingia bandari ya Berbera mwaka 2016 kwa mkataba wa dola milioni 442, lakini utambuzi wa Somaliland haukufuata pesa hizo. Aliyekuja mchana kweupe ni Taiwan, mwaka 2020, naye hukaa benchi lilelile la wasiotambuliwa.

Jibu la Umoja wa Afrika siku zote ni mipaka. Azimio la Cairo la Julai 1964, la OAU, mtangulizi wa umoja huo, ambalo Mwalimu Nyerere ndiye aliyelipeleka mezani, lilisema tuheshimu mipaka tuliyoikuta siku ya uhuru. Sawa. Sasa nani alilikataa azimio hilo? Somalia, pamoja na Morocco. Somalia ilitaka nyota ya bendera yake yenye pembe tano itimie, na pembe moja ilikuwa kaskazini mwa Kenya. Leo Mogadishu ndiyo inayolishika azimio kama msahafu, wakati Hargeisa inaomba jambo moja tu: mpaka wake wa 26 Juni 1960, ulioachwa na mkoloni. AU yenyewe ilituma ujumbe mwaka 2005 chini ya Patrick Mazimhaka wa Rwanda. Ulirudi na ripoti kwamba kesi hii ni ya kipekee na isichukuliwe kama mlango wa kila anayetaka kujitenga. Ripoti ikawekwa kabatini.

Mwalimu huyohuyo aliitambua Biafra, iliyokuwa imejitenga na Nigeria, mwaka 1968, miaka minne tu baada ya Cairo. Alikosea au alipatia, bishaneni. Ila alisema mchana. Dar es Salaam ya leo imenyamaza, na sababu naihisi: sisi pia ni nchi mbili zilizoungana, mwaka 1964, na habari ya Muungano kuvunjwa na upande mmoja hatuipendi hata ikiwa ya jirani.

Israel haikuja kwa mapenzi. Ng'ambo ya Ghuba ya Aden kuna Yemen, na Yemen kuna Wahouthi, maadui wa Israel. Na gharama ipo, kwa sababu mbuzi na kondoo wa Berbera huvuka kwenda Saudi Arabia, hasa msimu wa Hija, na Riyadh imelaani utambuzi huo. Rafiki wa kwanza akimkasirisha mnunuzi wako mkubwa, hiyo ni hesabu ngumu kwa Irro, rais wa Somaliland.

Hata hivyo Hargeisa nayo ina doa, na si dogo. Mji wa Las Anood, mashariki, umo ndani ya mpaka wa 1960, lakini watu wake waliikataa Somaliland. Mwaka 2023 ulipigwa makombora kwa miezi, na Agosti jeshi la Somaliland likatimuliwa. Ukisema mpaka wa mkoloni ni mtakatifu, Las Anood ni ya Hargeisa. Ukisema wenyeji waamue, basi na wa Las Anood waamue. Mimi natetea utambuzi wa Somaliland, na hapa sijapata jibu.

Nilipokwenda dukani wiki iliyofuata nilimuuliza rafiki yangu kama nyumbani walisherehekea usiku ule. Alikuwa akikunja kitenge. Mke wake ni wa Las Anood. "Tulizima TV mapema," akasema.