Mshindi wa mwaka gani?

Tuzo za Muziki Tanzania zililala baada ya 2015, BASATA (Baraza la Sanaa la Taifa) wakaziamsha 2022. Safi. Ila jamani, orodha ya washindi! Hafla ikiisha usiku wa manane, asubuhi mitandao imejaa picha: sura ya msanii, nyota nyota, "HONGERA MSHINDI". Mshindi wa kipengele gani? Kwa wimbo upi? Kimya.

Mwaka ndio unaovuruga kabisa. Zile za Aprili 2022 zilikuwa tuzo za 2021, maana zilipima kazi za mwaka uliotangulia. Huyu anaandika 2021, yule 2022, wa tatu anazihesabu mara mbili. Msanii kajipatia tuzo ya ziada bila jasho!

Kinachotakiwa ni ukurasa mmoja wa maandishi, siyo picha ambayo ukitafuta neno huambulii kitu: kipengele, wimbo, msanii na aliyeshirikishwa, mtayarishaji, mwaka wa kazi, tarehe ya hafla. Na kipengele kiandikwe kwa jina kamili, tafadhali. Msanii bora wa kiume wa Bongo Fleva si lazima awe msanii bora wa kiume wa mwaka. Ukikata maneno mawili tu, umempa mtu tuzo ya mwenzake. Mtayarishaji ndiye kabisa, hata jina haliwekwi.