Kozi Zote Zisifungwe Siku Moja

Vyuo vikuu vingi huwapa wanafunzi wiki moja au mbili baada ya masomo kuanza ili waongeze au waache kozi, kisha usajili hufungwa. Sipingi kuwepo kwa tarehe ya mwisho. Ninachopinga ni tarehe moja kwa kozi zote, kana kwamba zote hufundishwa kwa namna moja.

Kwenye maabara ya kemia, kikao cha kwanza huwa ni cha usalama: miwani na glovu, taka za kemikali zinamwagwa wapi, ufanye nini asidi ikikurukia mkononi. Aliyekikosa kikao hicho hapaswi kugusa chupa yoyote mpaka afundishwe. Hisabati nayo, somo la leo limesimama juu ya la juzi. Kozi kama hizo zifungwe mapema, hata siku ya tano. Lakini semina ya fasihi inayojadili riwaya moja kila wiki mbili? Anayeingia wiki ya tatu akiwa na bidii ataisoma riwaya ya kwanza na kuwafikia wenzake.

Tena mihula hailingani. Kwenye muhula wa wiki 15, kukosa wiki mbili si jambo dogo, ila linafidika. Kwenye muhula wa wiki 10, hiyo ni sehemu moja ya tano ya kozi nzima.

Anayejua kama mwanafunzi bado anaweza kufuata ni mhadhiri wa kozi. Baada ya wiki ya kwanza, saini yake ingetosha. Badala yake fomu huzungushwa: mhadhiri, mshauri wa masomo, mkuu wa idara, ofisi ya msajili. Mmoja yuko safarini, mwingine huonana na wanafunzi Jumatano tu. Wiki inakatika fomu ikiwa bado mezani kwa mtu, halafu siku hizohizo mwanafunzi anahesabiwa kuwa hakuhudhuria. Hili linaniudhi kuliko yote.

Na wengi wanaochelewa si wazembe. Kozi waliyojisajili imefutwa kwa kukosa watu wa kutosha. Ratiba imebadilishwa, vipindi viwili vimegongana. Matokeo ya kozi ya awali yametoka masomo yakiwa yameshaanza. Mkopo haujaingia. Mwanafunzi hana mamlaka juu ya hata moja kati ya hayo.

Wahadhiri hulalamika kwamba wanaochelewa huwapa kazi ya kurudia mambo, na kwamba makundi ya kazi za pamoja yaliyokwisha kupangwa huvurugwa. Wana haki. Ndiyo maana mhadhiri asitie saini tupu, bila masharti. Fomu iwe na nafasi ya kuandika kazi zilizokosekana, zitafidiwaje na lini, na mwanafunzi aingie kundi gani. Asiyeridhia masharti hayo asubiri muhula ujao.

Ila kwa jaribio lililofanyika kabla jina la mwanafunzi aliyechelewa halijawa kwenye orodha, asipewe sifuri. Hiyo ni dhuluma, hata kanuni ikiiruhusu. Alama za jaribio hilo zihamishiwe kwenye linalofuata au kwenye mtihani wa mwisho, na mahudhurio yahesabiwe kuanzia siku aliporuhusiwa kuingia darasani. Kwa muda ambao fomu inazunguka ofisini, aruhusiwe kuketi na kusikiliza.