Zama Zao Zilikuwa na Watu Waliokataa

Ukitajwa uovu wa msanii mkubwa aliyekwishakufa, hachelewi kutokea mtu wa kusema: kila zama na kitabu chake. Tusiwapime marehemu kwa maadili ya leo, wao waliishi kama walivyoishi wenzao. Nimeusikia utetezi huo kwa watu ninaowaheshimu, walimu na wasomaji wazuri. Kila nikiusikia najiuliza: hao wenzao ni akina nani? Aliyeonewa hakuwa mtu wa zama hizohizo?

Twende Roma, mwaka 1611. Mchoraji Agostino Tassi alikuwa akifanya kazi pamoja na mchoraji mwenzake, Orazio Gentileschi, akambaka binti wa Orazio, Artemisia, ambaye mwenyewe alikuwa ameanza kuchora. Mwaka uliofuata Orazio alishtaki, na kesi ikachukua miezi saba. Ili ihakikishwe kwamba hasemi uongo, Artemisia ndiye aliyefungwa kamba vidoleni, zikakazwa huku Tassi akitazama. Vidole vya mchoraji, kazi yake yote ilikuwa humo. Akarudia kusema kwamba ni kweli, ni kweli, kisha akamgeukia Tassi akamwambia: hii ndiyo pete unayonivisha, na hizi ndizo ahadi zako. Karani aliyaandika maneno hayo na kumbukumbu za kesi zipo hadi leo. Tassi alitiwa hatiani, ingawa adhabu ya kufukuzwa mjini haikutekelezwa.

Ni kweli kwamba sheria ya wakati ule ilijali zaidi heshima ya baba kuliko mwili wa binti. Lakini hakuna mtu Roma aliyehitaji kusubiri karne ya 21 ndipo ajue kwamba Tassi alitenda uovu. Kadhalika mchoraji Caravaggio, aliyemuua Ranuccio Tomassoni mwaka 1606 akakimbia mji akiwa na hukumu ya kifo kichwani. Kadhalika mchongaji Mwingereza Eric Gill, aliyefariki mwaka 1940 akisifiwa kwa uchaji wake, na ambaye shajara zake zilionyesha baadaye kwamba aliwanajisi binti zake mwenyewe. Jambo hilo lilikuwa chukizo katika siku zake kama lilivyo leo, ila halikujulikana. Kumtetea mtu kama huyo kwa zama zake ni kuzisingizia zama.

Mfano unaonigusa zaidi ni wa Kongo. Mwaka 1890 Joseph Conrad, wakati huo baharia, alipanda Mto Kongo kwa stima hadi Stanley Falls. Kutokana na safari hiyo akaandika riwaya ya Heart of Darkness, iliyoanza kutoka jaridani mwaka 1899. Chinua Achebe aliposimama katika chuo kikuu kimoja cha Massachusetts mwaka 1975 na kusema kwamba Conrad alikuwa mbaguzi wa rangi, na kwamba Waafrika wa riwaya ile wamenyimwa karibu kila neno la kusema, watetezi walijibu kwamba Conrad alikuwa mtoto wa karne yake, angewezaje kuona vingine?

Sasa, mwaka huohuo wa 1890, palepale Stanley Falls, alikuwepo George Washington Williams, mwanahistoria Mmarekani mweusi. Mwezi Julai aliketi akamwandikia Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji, aliyekuwa akiimiliki Kongo, barua ya wazi. Alieleza jinsi machifu walivyolaghaiwa: mzungu alificha betri za umeme chini ya koti, waya ukapita mkononi, na chifu alipopewa mkono akapigwa shoti iliyokaribia kumwangusha, ili aamini kwamba mgeni ana nguvu za kutisha na kwamba ni heri aitoe ardhi yake. Alitaja vijiji vilivyochomwa, wanawake waliotekwa, watu waliofungwa minyororo kwa makosa madogo. Zaidi ya yote, aliandika ushahidi huo kutoka vinywani mwa wenyeji. Kwake wao walikuwa watu wenye kauli, na malalamiko yao yalistahili kufikishwa kwa mfalme.

Mto mmoja, mwaka mmoja, watu wawili. Conrad naye aliuona uporaji na aliuchukia, hilo simnyimi, na sentensi zake bado zinanishika. Lakini asiniambie mtu kwamba kumwona Mwafrika kama binadamu kamili ni kipimo kilichobuniwa juzi. Kilikuwepo kwenye kingo za mto ule. Wenyeji walikuwa nacho, Williams alikuwa nacho. Hakikusikilizwa, basi.

Kuna kesi ngumu zaidi. Mchoraji Mfaransa Paul Gauguin alifika Tahiti, koloni la Ufaransa, mwaka 1891 akiwa na umri wa miaka 43, mke na watoto wamebaki Ulaya, akaishi na Teha'amana, msichana ambaye Gauguin mwenyewe aliandika kwamba alikuwa na miaka kama 13. Sheria ya Ufaransa wakati huo iliweka umri wa ridhaa kwenye miaka hiyohiyo 13, kwa hiyo mahakama isingemgusa. Kati ya picha alizomchora, kuna moja ya mwaka 1892 ambamo amelala kifudifudi, uchi, macho yametugeukia, viganja vimewekwa bapa juu ya mto. Gauguin alieleza kuwa ni hofu ya mizimu. Hayo ni maelezo yake yeye. Ya msichana hatuna. Hapa sina karani wa mahakama wa kumnukuu. Ila kusema kwamba jamii iliruhusu kunanilazimu niulize jamii ipi, maana sheria ile ilitungwa Paris na watu ambao hawakuwahi kumuuliza msichana wa Tahiti chochote.

Je, picha ile iondolewe ukutani? Hapana, na kwa hili nitabishana na rafiki zangu wa upande wa pili, wanaotaka iondolewe. Januari 2022 mtu alipanda na nyundo akaigonga sanamu iliyochongwa na Gill iliyo mbele ya jengo la BBC, London. Naielewa hasira yake, lakini jiwe lililovunjika halimfunzi mtu kitu. Msanii aliye hai na anayekula jasho la sifa zake ni suala jingine. Huyo ana mfuko, na mimi nina haki ya kutoujaza. Marehemu hachumi kwangu. Ninachodai ni kwamba kibao cha kando ya picha kiseme umri wa msichana, jina lake, na kwamba alikuwa mtoto.

Wala sikubali vitabu visafishwe. Mwaka 2023 ilijulikana kwamba vitabu vya watoto vya Roald Dahl vimehaririwa ili kuondoa maneno ya kuumiza, na baada ya kelele mchapishaji akaahidi kuendelea kutoa pia matoleo ya awali. Wahariri nadhani walikuwa na nia njema kwa watoto. Lakini aliyenufaika ni Dahl, ambaye sasa anasomeka mpole kuliko alivyokuwa. Ukimfutia mwandishi maneno yake umemfutia na ushahidi.

Ndiyo maana Conrad namtaka abaki kwenye rafu na abaki kwenye mitaala, neno kwa neno. Lakini wanaofundisha riwaya yake wangeanza na barua ya Williams. Si ndefu, inasomeka kwa kikao kimoja. Mwanafunzi akishaijua ile betri chini ya koti, aingie kwenye stima ya Conrad na kuhesabu mwenyewe ni Waafrika wangapi mle wanaofungua kinywa.